Mwaka Tuliokaa kwenye Blinde

Jana mchana, kwenye kilio cha Tantine Ngoie, wanaume walitandika karata chini ya turubai kama wanavyofanya kwenye kila kilio hapa Lubumbashi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na wanawake, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka, nachambua majani ya sombe, kisamvu chetu, ambayo hakuna aliyeniomba niyachambue. Nilikuwa nimelia hadi nimechoka na mikono ilitaka kazi. Mara nikasikia sauti ya mume wangu Justin, yule ambaye hasemi mpaka aulizwe: "Miye niko mu blinde. Mutoshe karata," yaani toeni karata. Jirani yangu, mama mmoja kijana aliyehamia Ruashi juzijuzi, aliacha kuchambua. Alimtazama Justin, akanitazama mimi, kisha akausogeza mkeka wake pembeni kidogo, kwa adabu. Nilijua kabisa alichokisikia. Kwetu mtu akiitwa blindé, maana yake amepita kwa mganga akafungwa dawa mwilini: risasi haimpati, wivu wa watu haumpati, na mara nyingi kuna ndugu fulani anayeilipia dawa hiyo kwa uhai wake bila kujua. Blinde ni kitu kingine kabisa. Lakini kwa sikio, hasa sikio lililo nyuma ya pazia, tofauti ni ndogo mno. Tofauti hiyo ndogo ilikaribia kuninyima mume, na aliyekosea kusikia siku ile ndiye huyu tunayemlilia. Basi nikaanza kucheka, kwenye kilio cha shangazi yangu mwenyewe, macho bado yamevimba.

Ilikuwa 2009. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka mwishoni mwa mwaka uliotangulia, huko mbali wanakoipanga, na mji wetu ukaanguka nayo. Mambo ya uchumi siwezi kuyaeleza. Ninaweza kueleza nilichokiona. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni kuelekea mpaka wa Kasumbalesa yalipotea barabarani. Mabosi wa viwanda walisema wanakwenda likizo ya Noeli, na wengine wao hawajarudi hadi leo. Wachimbaji walirudi mjini na makoleo yao wakawa wanayauza katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa mjini, lakini nani angenunua koleo mwaka ule? Huku Ruashi, ambako kila kijana mwenye kazi alikuwa amejipatia kiwanja, nyumba zote zilisimama kwa pamoja, nyingi zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Ukipita uliona mbuzi wakichungulia mahali ambapo angesimama baba mwenye nyumba. Nyumba moja kati ya hizo ilikuwa ya Justin.

Justin alikuwa dereva wa gari la kunyanyulia mizigo kwenye kiwanda kimoja cha kuyeyushia shaba, upande wa Kampemba. Miezi michache kabla ya anguko alikuwa amekuja kwetu kufanya pré-dot, ile hatua ya kwanza ya mahari: sanduku la vitenge, blanketi zito la Tantine, mbuzi mmoja mwenye hasira, na maneno mazuri. Tantine Ngoie, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu, alivipokea. Kisha kiwanda kikazima tanuru, na Justin akaambiwa akae nyumbani angoje kuitwa. Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja, Justin. Na mwaka ule mzima mimi nilikuwa na swali moja tu kichwani, sikuwa na jingine: je, nitaolewa na huyu mwanamume, au siku moja nitarudi nyumbani nikute sanduku lile limewekwa mlangoni, tayari kurudishwa?

Nilikuwa nafanya kazi kwenye cyber moja katika commune hiyo hiyo ya Kenya, nyuma ya duka la jumla la mtu tuliyemwita Patron Paluku. Alikuwa ametoka Butembo, Mnande, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye kalamu sikioni hata akiwa kwenye ibada. Ili ufike kwenye kompyuta zetu ilibidi upite kati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni, uinue pazia la maua, na hapo ndipo ilipokuwa dunia nzima, polepole sana, kwa kupitia dishi lililokuwa juu ya bati. Chumba kilinuka sabuni ya kufulia na samaki wakavu. Jenereta ilikuwa ukutani kwa nje, na ikiwaka vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Zamani za neema, mawakala wa makampuni walijaa humo asubuhi hadi jioni. Mwaka ule walibaki vijana wachache waliokuja kuandika barua za kuomba kazi, na ikifika mchana hata hao walikuwa wamekata tamaa wakaenda zao. Ndipo Justin alipokuwa akija. Nilikuwa naleta bukari, ugali wetu, ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa, na mboga ya lengalenga, na samaki mmoja wa tomson wa kukaanga tunamgawana watatu, tunakula juu ya katoni ya sabuni. Patron Paluku alikibariki chakula kwa sala ndefu, akitaja wafanyabiashara wote waliokwama njiani, huku samaki anapoa na Justin anamtazama samaki kwa jicho moja.

Sala zikiisha, tulicheza poker. Najua inavyosikika. Mdogo wake Patron alikuwa Ulaya, na ndiye aliyetufungulia meza ya mtandaoni, ile ya chini kabisa, ya senti, ambayo huwezi kutajirika wala kufilisika hata ukitaka. Patron alisema huo si mchezo wa kamari, ni masomo ya uvumilivu, lakini alitukataza kuziombea karata wala kucheza Jumapili. Tulikuwa na jina moja sisi watatu, Bukari, na tulipokezana kiti. Watu wa nchi ambazo sitazifikia kamwe walituandikia pongezi: bravo Bukari. Nilikuwa nafurahi sana nikisoma hivyo. Kulikuwa na kitu kizuri katika kupongezwa na mtu wa mbali asiyejua kwamba mji wenu umezimika.

Kwa asiyeujua mchezo huo: kila mchezaji anapewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha karata tano zinafunguliwa katikati kwa ajili ya wote, na kila hatua unaamua kuongeza au kutupa. Lakini kabla ya karata kugawiwa, watu wawili lazima waweke mezani, mmoja kidogo na mwingine zaidi, bila kuona chochote. Hizo ndizo blinde, ndogo na kubwa, na zinazunguka meza ili kila mtu zimfikie. Ubaya wake si kulipa tu. Karata za katikati zikishafunguliwa, mtu wa blinde ndiye anayesema wa kwanza, huku wengine wote wanamsikiliza na wanapata muda wa kufikiri. Ukikaa pale umeshalipa, hujaona, na unasema mbele ya watu wanaojua zaidi yako. Nilipoelezwa hivyo nilimwambia Patron kwamba basi huko ndiko ninakoishi.

Swali letu la kila siku lilikuwa hilo: uko kwenye blinde, umepewa karata za hovyohovyo, Mfalme na nne, au tisa na sita za rangi moja, mtu ameongeza kidogo. Unabaki au unatupa? Mimi nilibaki. Nilibaki na kila kitu. Niliona uchungu kuiacha senti yangu pale mezani kama mtoto aliyeachwa sokoni. "Niliisha kuweka," nilikuwa nasema, "acha nione." Justin alikuwa kinyume changu. Alitupa. Alitupa Mfalme na nne, alitupa Malkia na tisa, siku moja alitupa hata jozi ya kumi kwa sababu mtu wa mbele alikuwa ameongeza kwa haraka. Aliziacha blinde zake ziondoke taratibu, bila kelele, akisema atangoja karata nzuri. Patron Paluku alitugombeza sisi wote wawili. Mimi aliniambia: "Dada, ile uliweka haiko yako tena. Isahau. Jiulize tu: ili nione mwisho, inabakia kulipa nini? Kama inabakia kidogo, hata karata mbaya unaweza kubaki nayo. Kama inabakia mingi, tupa, hata kama uliweka roho yako." Naye Justin akaambiwa: "Na weye kijana, ukingojea tu As na Mfalme, blinde itakumaliza."

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyosafiri kupita pazia. Tantine Ngoie alikuwa akiuza bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, barazani kwa Patron, beseni limefunikwa nailoni, yeye amekaa kwenye kiti chake kifupi akijua habari za commune nzima. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti, mwenye kikundi cha sala cha Alhamisi, na alikuwa na tabia ya kuinua pazia bila kubisha ili atuletee bitumbula vilivyoungua, ambavyo alidai ndivyo vitamu. Alasiri moja sikumwona akiinua pazia. Niliona tu kivuli cha miguu yake chini ya maua kikisimama, kisha kikaondoka. Hapo Justin alikuwa kwenye kiti, mimi nimesimama nyuma yake namsukuma bega, naye alikuwa amesema, nakumbuka kila neno kwa sababu tulikuja kuyarudia sana baadaye: "Miye niko mu blinde, Bea, usinisukume. Nilishatupa Mfalme. Blinde inanikula polepole, najua, lakini inakula na bantu bengine. Tungojee tu." Mimi nikacheka na kumjibu: "Itakumaliza weye, kiisha itakuja kunikula na miye." Siku hiyo hatukuletewa bitumbula vilivyoungua.

Nyumbani mambo yalibadilika bila kuelezwa. Tantine aliacha kula chochote Justin alicholeta, hata embe. Nilikuta mafuta ya sala kwenye mto wangu, hadi nywele zikanuka mzeituni. Kikundi cha Alhamisi kilihamia sebuleni kwetu, na akina mama waliimba wakinitazama mimi tu, kwa huruma, kama vile nilikuwa mgonjwa nisiyeambiwa ugonjwa wake. Nilipouliza, Tantine alinijibu: "Hapana uliza. Bintu bingine mutu hatakiwe kubitaja, bitasikia." Nilidhani anaomboleza kazi ya Justin. Nilidhani ni njaa ile ya mwaka ule, ambayo ilikuwa imezifanya familia nyingi zianze kuwatazama wakwe watarajiwa kwa jicho la soko. Nilimkasirikia sana, na kwa kuwa sijui kukasirika kimya, niligonga sufuria. Kisha asubuhi moja, akiwa anapuliza makaa kwenye mbabula, aliniambia bila kugeuka: "Siku ya Posho, ba baba mudogo bako batakuya. Tutarudisha sanduku ya Justin." Posho kwetu ni Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Nilikimbia kwenda cyber na kandambili zangu. Justin alikuwepo, na nilipomwambia aliigeukia skrini, akitazama meza ya mchezo ambayo hakuna aliyekuwa akiichezea. "Bea," akasema mwishowe, "ba Tantine beko na haki. Kazi hapana. Nyumba imeishia ku madirisha. Karata yangu iko mubaya. Afazali miye mwenyewe natupa, barudishe bintu byangu, na weye upate mutu." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mpole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikaketi juu ya gunia la sukari nikalia mbele ya wateja. Patron Paluku aliwatoa wateja, akafunga pazia, akatoa kalamu sikioni kama mtu anayevua kofia. Aliniuliza swali lake lile la siku zote, lakini mara hii kwa sauti ya chini: "Dada, sahau sanduku. Sahau miezi yenye ulingojea. Ili uone mwisho wa hii kitu na huyu kijana, inabakia kwako kulipa nini?" Nilifikiri. Ilibaki aibu. Ilibaki kusema wa kwanza mbele ya wakubwa, jambo ambalo msichana hafanyi: kwenye kikao cha ndoa wewe unakaa kwenye mkeka na kuinamisha kichwa, unaulizwa swali moja tu mwishoni, tule vitu vyake au tusile, unajibu kuleni, umemaliza. Nikaona ni kidogo. Kwa Justin ilikuwa kidogo mno.

Jumamosi walikuja baba zangu wadogo wawili, suti zimebana. Justin, ambaye watu wake walikuwa mbali, alikuja na Patron Paluku kama mzee wa upande wake. Sanduku lilikuwa mlangoni, na blanketi juu yake limekunjwa vizuri, halijawahi kutumika. Mbuzi alikuwa amefungwa nje na ndiye pekee aliyekuwa akisema. Jikoni maharagwe yalikuwa kwenye ungo yakingoja kuchaguliwa, kwa sababu hata ukimrudishia mtu sanduku lake huwezi kumwachia aondoke na njaa. Mkubwa wao alikohoa ili afungue kikao, na kabla hajamaliza kukohoa mimi nilikuwa nimesimama. "Miye njo nitasema wa kwanza," nikasema. "Sanduku haitoke hapa. Kazi yake imeisha, naona. Nyumba iko na mbuzi ndani, naona. Sisemi tubakie juu ya bintu alishatosha. Nasema ile inabakia kulipa ni kidogo, na miye nitailipa." Baba mdogo alinitazama kama vile kiti ndicho kilichosema. Tantine Ngoie alinyanyuka kwenye kochi lake la vitambaa vya kufuma, uso umejaa hofu, si hasira, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimeelewa kitu.

"Haiko kazi!" alipiga kelele. "Nani alisema kazi? Miye niliolewa na mutu hana hata viatu! Huyu kijana ni blindé! Nilisikia na hii masikio. Alisema iko mu blinde, inamukula, na itakula na bantu bengine. Alisema alitupa Mfalme! Mfalme wa mbinguni, mutoto wangu! Na weye ulikuwa unacheka!" Patron Paluku ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, akajaribu kuomba maji, kisha mzee yule wa kanisa akaangua kicheko hadi kalamu ikamdondoka. Nilieleza mimi. Nilieleza karata, nilieleza blinde ndogo na kubwa, nilieleza kwamba Mfalme aliyetupwa ni yule wa karatasi mwenye ndevu. Tantine alisikiliza huku amekunja mikono. Hakuwa mtu wa kukubali kitu kwa kuambiwa. "Muniletee hizo karata," akasema. "Nitaona miye mwenyewe."

Baba mdogo yule mkubwa alikuwa nazo mfukoni, maana alikuwa amepanga kupitia kilio fulani jioni. Maharagwe yalitoka jikoni na ungo wake yakawa senti. Walikaa wanne kuzunguka meza ndogo: Patron akigawa, Justin, Tantine, na baba mdogo, mimi nilikatazwa kucheza, nikasimama. Tantine alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na mara alipoelewa kwamba kweli ni karata tu, nilimwona akipumua kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Ningedhani mambo yameisha. Lakini aliendelea kucheza, na nikaona hatazami tena karata zake, anamtazama Justin. Justin alikuwa anatupa. Mzunguko baada ya mzunguko, anaweka haragwe lake la blinde, anatazama, anatupa, kwa adabu. Tantine akashusha karata zake mezani. "Kijana," akasema polepole, "nilikuwa naogopa dawa, na dawa hapana. Sasa naogopa ingine. Weye unatupa tu. Unatia haragi yako pale, kiisha unaitupa. Huyu mutoto wangu amesimama wa kwanza mbele ya ba baba bake, ametupa haya yake chini juu yako, na weye unakaa kimya. Yeye utamutupa siku gani?"

Patron aligawa tena, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Blinde ndogo ilikuwa kwa Justin, kubwa kwa Tantine. Baba mdogo alitupa, Patron akatupa. Mimi nilikuwa nyuma ya Justin na niliziona karata zake: saba na mbili, za rangi tofauti. Ndizo karata mbili mbaya kuliko zote katika mchezo huo. Hata mimi, niliyebaki na kila kitu, ningesita. Alikuna shingo. "Nabakia," akasema. Zikafunguliwa tatu za kwanza katikati, hazikumsaidia hata moja, na kwa kuwa alikuwa kwenye blinde ndogo ilimbidi aseme wa kwanza. Alisema wa kwanza. "Nabakia," na akasukuma maharagwe. Tantine akamfuata. Ikaja ya nne, akasema nabakia. Ikaja ya tano, akasukuma yote yaliyobaki mbele yake, akainua uso akamtazama Tantine machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema: "Ba Tantine, sina kitu. Lakini sitoke hapa." Tantine alifunua zake: Mfalme na nne, hakuna hata jozi. Mfalme peke yake, mwenye ndevu, na alitosha kumshinda. Patron Paluku aliufunika uso kwa mikono miwili. Ulikuwa mchezo mbaya kuliko wote aliowahi kuuona, aliniambia baadaye, na hajaona tena mwingine mzuri kama huo.

Tantine aliyavuta maharagwe yote kifuani kwake kwa mkono mzima. Kisha, bila kusimama, alinyoosha mguu wake mkubwa akalivuta sanduku kutoka mlangoni hadi chini ya kochi. "Bea," akasema, "chagua hii maharagi, tupike. Na huyo mbuzi mumufungue, ananisumbua." Nilikwenda jikoni na ungo, nikawa natoa mawe kwenye maharagwe huku machozi yanadondokea humo humo. Nilikuwa na furaha kiasi ambacho sijawahi kuwa nacho tena, nikisema ukweli, hata siku ya harusi yenyewe, iliyokuwa ndogo, na yenye mvua, na soda zisizotosha.

Kiwanda hakikumwita Justin. Alijifunza kutengeneza magari ya kunyanyulia mizigo badala ya kuyaendesha, na bei ya shaba iliporudi yeye hakuwa tena mtu wa kungoja simu. Kuta zilipanda juu ya madirisha polepole. Patron Paluku alifunga cyber simu za mkononi zilipoua kazi yetu, akabaki na sukari na sabuni. Jana alikuja na magunia mawili ya mchele kwa ajili ya kilio na sala isiyokwisha. Tantine alihamia hapa Ruashi miguu ilipomchosha, kwenye chumba kile ambacho dirisha lake ndipo mbuzi walipokuwa wakichungulia. Kila Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa Patron hakuwepo kumkataza, alidai karata na maharagwe. Hakuwahi kumtupa Mfalme, hata Mfalme awe na mbili pembeni. Alikuwa anapoteza sana, na anashuku kila mtu.

Mwezi huu, hospitalini, daktari alituita pembeni akasema kuna upasuaji mmoja, lakini kwa umri wake na moyo wake nafasi ni ndogo. Ndugu walitaka tumrudishe nyumbani. Walikuwa wakinong'ona mlangoni, na Tantine, ambaye masikio yake yalibaki mazima hadi mwisho na kusikia vibaya aliacha mwaka ule, aliniita kwa kidole. "Ile inabakia kulipa ni nini?" aliniuliza. Nikamwambia: kulala, kukatwa, labda kutoamka. Akafikiri kidogo, mkono wake mzito umeshika wangu. "Kidogo," akasema. "Mutoshe karata." Alitoka chumba kile akiwa hai, na tulipata siku chache za ziada. Alikula bukari vijiko viwili, akayasema vibaya mapazia yangu, akamfundisha nesi blinde ndogo na kubwa. Kisha akalala. Nampenda mwanamke yule na sijui nitamgombeza nani sasa.

Basi jana, pale kwenye mkeka, nilipomaliza kucheka na watu walipomaliza kunitazama, yule jirani kijana alijikaza. Aliinama sikioni kwangu, akanong'ona kwa huruma ya kweli, sauti ile ile ya akina mama wa Alhamisi: "Mama Bea, unisamehe. Nimesikia bwana yako anasema iko mu blinde. Weye unajua?" Kule chini ya turubai Justin alikuwa amezitazama karata zake, na kwa namna alivyokuna shingo nilijua ni mbovu. Aliwatazama wenzake wote, kisha akasukuma maharagwe mbele. Nikamshika yule mama mkono.

"Najua, mama," nikamwambia. "Hapa kwetu tuko nayo bote. Ni Tantine njo alitufunga."